ZAHANATI YA MTAA NI YA NANI?

Ndugu msikilizaji, nawe ndugu msomaji unayeyapata mazungumzo haya kupitia gazeti, juma hili nina barua mkononi. Imeandikwa kwa wino wa bluu kwenye kurasa mbili za daftari la shule, na aliyeiandika ni mama mmoja anayekaa pembezoni mwa jiji. Jina lake nalihifadhi. Mtaa wake nao siutaji, kwa sababu anayoyaeleza yanaweza kuwa ya mitaa mingi, na sipendi ofisi moja ionekane mkosaji peke yake.

Anasema miaka kadhaa iliyopita wakazi wa mtaa wao walichanga fedha, wakafyatua tofali, wakachimba msingi wenyewe siku za Jumamosi, wakasimamisha boma la zahanati. Boma likanyeshewa misimu miwili ya masika bila paa. Hatimaye halmashauri ikaezeka, ikapiga plasta, ikaleta vitanda, na viongozi wakaja kukata utepe. Leo zahanati ina muuguzi mmoja. Akiitwa semina au akiugua, mlango una kufuli. Mwezi mmoja kabla ya kuniandikia, binti wa jirani yake alishikwa na uchungu usiku, wakakuta kufuli, wakamkimbiza kwa bodaboda hadi kituo kingine. Mtoto na mama wako salama, namshukuru Mungu, lakini safari ile hakuna anayetaka kuirudia.

Wakaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti akawapeleka kwa diwani. Diwani akawaambia, kwa upole, kwamba halmashauri imekwisha omba watumishi na inasubiri serikali kuu iwalete. Ndipo mama huyu anauliza: "Mwanangu, kila uchaguzi tunaambiwa madaraka yamepelekwa kwa wananchi. Kama hatuwezi kuajiri hata muuguzi mmoja, hayo madaraka yalipelekwa wapi?"

Barua nyingi ninazopokea hutaka fulani achukuliwe hatua. Hii imeuliza swali la msingi, na nimeona niligeuze kuwa mazungumzo ya juma zima.

Tuanze na neno lenyewe. Sisi husema ugatuaji wa madaraka, jirani zetu wa Kenya husema ugatuzi, na sote tunatoa neno hilo katika mzizi mmoja, kugatua. Maana yake ni kuyatoa madaraka makao makuu na kuyakabidhi kwa walio chini. Lakini hapo pana mtego. Waziri anaweza kumtoa ofisa wake makao makuu akamweka wilayani, akampa kiti na muhuri, na ofisa yule akaendelea kumtii waziri yule yule. Ofisi imesogea, madaraka hayajasogea. Mimi hupima kwa maswali matatu. Nani ameshika mfuko? Nani anaajiri na kufukuza? Na mambo yakiharibika, mwananchi anaweza kumwondoa nani kwa kura yake? Ukipata jibu moja kwa maswali yote matatu, na jibu hilo likawa karibu na nyumbani kwako, madaraka yamegatuliwa. Ukipata majibu matatu tofauti, basi utazungushwa kama alivyozungushwa mama yetu.

Somo hili nchi yetu ililisoma kwa gharama. Mwaka 1972, chini ya mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, Serikali ilizivunja halmashauri za wilaya, na baadaye kidogo zile za miji. Mpango ulitokana na ushauri wa kampuni ya McKinsey ya Marekani. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema: maofisa wa wizara waondoke Dar es Salaam, waende mikoani na wilayani wakakae karibu na wakulima. Na kweli walikwenda. Wakateuliwa wakurugenzi wa maendeleo wa mikoa na wa wilaya, wakapewa bajeti na magari.

Mzee wangu alikuwa karani mdogo wa halmashauri ya wilaya wakati huo. Alinisimulia mara nyingi jinsi walivyokaa siku mbili wakihesabu viti, baiskeli, mashine za kupiga chapa na vitabu vya stakabadhi, wakaandika orodha, wakakabidhi. Juma lililofuata alirudi kwenye meza ile ile, lakini kibao cha mlangoni kilikuwa kipya. Madiwani waliokuwa wakija kugombana juu ya daraja na josho hawakuja tena. Mzee husema, naye ni mtu wa mzaha, kwamba madaraka yalikuja wilayani kwa Land Rover, yakashukia kwa mkurugenzi, na hayakutoka nje ya geti.

Ukiyaweka mambo ya 1972 kwenye mizani ya maswali yangu matatu utaona kasoro mara moja. Mfuko ulisogea mkoani, ni kweli, lakini aliyeushika aliteuliwa na juu na alijibu kwa juu. Mwananchi hakuwa na kura ya kumwondoa. Mijini hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa mpango ulitazama vijijini na miji ikabaki yatima. Taka zikarundikana, mifereji ikaziba, barabara zikachimbika. Mwaka 1977 kipindupindu kikalipuka nchini. Mwaka 1978 Bunge likapitisha sheria ya kurudisha mabaraza ya miji, na mwaka 1982 zikapitishwa sheria mbili ambazo hadi leo ndizo msingi wa serikali za mitaa, Na. 7 kwa mamlaka za wilaya na Na. 8 kwa mamlaka za miji. Halmashauri zikafufuka mwaka 1984. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alikiri katika mahojiano na jarida moja la ng'ambo kwamba kama angeanza upya kuna mambo asingeyarudia, na kuvunja serikali za mitaa lilikuwa mojawapo, pamoja na kuvunja vyama vya ushirika. Si viongozi wengi wanaosema hivyo wakiwa bado Ikulu.

Tangu hapo Katiba yetu, katika Ibara ya 145 na 146, inazitambua serikali za mitaa na kueleza kuwa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Mwaka 1998 ikatoka sera ya mageuzi ya serikali za mitaa, iliyoahidi kuwa halmashauri zitapanga, zitatumia fedha, na zitakuwa na watumishi wao wenyewe. Wizara zibaki na kazi ya kutunga sera, kuweka viwango na kukagua.

Sasa tuirudie zahanati yetu, tuifungue kama fundi anavyofungua redio, tuone kila waya unakwenda wapi.

Jengo na kiwanja ni mali ya halmashauri. Hapo hakuna ubishi, ingawa waliochimba msingi nao wana haki ya kusema ni yao. Muuguzi je? Kibali cha kuajiri hutoka Ofisi ya Rais inayoshughulikia Utumishi. Nafasi za wahudumu wa afya hutangazwa kwa nchi nzima, waombaji huchujwa kwa nchi nzima, kisha hupangiwa vituo. Mshahara hutoka Hazina ukaingia moja kwa moja benki. Halmashauri inaandika maombi ya watumishi kila mwaka katika bajeti yake, kisha inasubiri kama mkulima anavyotazama mawingu. Hata mkurugenzi wa halmashauri, ambaye ndiye mtendaji mkuu anayesimamia fedha na watumishi, huteuliwa na Rais. Baraza la madiwani linaweza kumhoji, likamkalia kooni, likaandika malalamiko, lakini si lenyewe lililompa kazi.

Barabara ya vumbi inayofika zahanati ilikuwa ya halmashauri hadi mwaka 2017, ulipoundwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA. Maji, kwa walio vijijini, yalikuwa ya idara ya maji ya halmashauri hadi mwaka 2019, ilipoundwa RUWASA chini ya Wizara ya Maji. Wahandisi wakahama na mafaili yao. Nimewahi kukaa na kinasa sauti changu katika baraza moja la madiwani, saa nne nzima. Diwani alisimama akauliza habari ya kivuko kilichobebwa na mvua. Mwenyekiti akamjibu kuwa swali ni zuri lakini mwenye kulijibu ni mwalikwa, na siku hiyo mwalikwa alikuwa na udhuru. Ukumbi ukacheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikawakumbuka watu wa kule kivukoni.

Lakini nisiwe mtu wa kulaumu upande mmoja. Makao makuu yana hoja, na ni hoja zenye uzito. Ulikuwapo wakati, katika miaka ya mwanzo ya 2000, halmashauri zilipoachiwa nafasi kubwa zaidi ya kujiajiria. Matokeo? Walio karibu na miji na lami walipata waombaji, walio mbali walitangaza nafasi na hakuna aliyejitokeza. Muuguzi ni binadamu, anatazama shule ya watoto wake na umeme. Mwaka 2007 sheria ya utumishi wa umma ikarekebishwa, ikazaliwa Sekretarieti ya Ajira, na milango ya kuajiri ikaanza kurudi katikati. Kuhusu barabara, wahandisi wenyewe watakuambia kwamba halmashauri ndogo haikuwa na uwezo wa kuweka mhandisi mzuri, na fedha za matengenezo wakati mwingine ziliishia kwenye posho za vikao. Mwandishi yeyote aliyesoma ripoti za Mkaguzi Mkuu hawezi kuapa kwamba halmashauri zetu ni malaika.

Hoja nyingine ni ya umaskini. Tuna halmashauri 184. Iko yenye bandari, viwanda na maduka ya jumla, na iko yenye mnada wa ng'ombe mara moja kwa juma na ushuru wa mazao basi. Ukisema kila mmoja ajitegemee, mtoto aliyezaliwa upande wa pili wa mpaka wa wilaya atatibiwa vibaya kwa sababu ya mstari wa ramani. Kwa hiyo lazima awepo wa kugawa kutoka katikati. Ninachokataa mimi ni kugeuza ugawaji huo kuwa sababu ya kushika kila kitu.

Tazama kodi ya majengo, ambayo wewe mkazi wa mjini unaijua vizuri kuliko mimi. Katika nchi nyingi kodi hii huhesabiwa kuwa ya serikali ya mji, kwa sababu nyumba haihami, na mwenye nyumba anaiona taa ya barabarani aliyoilipia. Kwetu mwaka 2008 ukusanyaji wake katika manispaa za Dar es Salaam ulipewa TRA, ukarudishwa manispaa miaka michache baadaye, kisha mwaka 2016 ukapewa tena TRA. Mwaka 2021 kodi hiyo ikaingizwa kwenye LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kwa ukusanyaji ni mbinu nzuri, sibishi: hakuna foleni wala mgambo. Lakini mwenye nyumba anayenunua umeme saa mbili usiku hajui tena kwamba amelipia mtaa wake. Asipojua amelipa, hatauliza kimefanyika nini. Kabla ya hapo, mwaka 2003, ilikuwa imefutwa kodi ya maendeleo, ile ya kichwa, na watu walishangilia, nami nawaelewa, maana ilikusanywa kwa kukimbizana hadi mashambani. Halmashauri ziliahidiwa ruzuku ya fidia. Kuanzia hapo sehemu kubwa ya fedha za halmashauri nyingi ni ile inayotoka Hazina, nyingi ikiwa na maelekezo tayari ya itumikeje.

Kenya wamekata njia nyingine, na ni vizuri tuitazame bila wivu wala kebehi. Katiba yao ya mwaka 2010 iliunda kaunti 47, zikaanza kazi mwaka 2013. Gavana huchaguliwa kwa kura. Kaunti huajiri watumishi wake kupitia bodi yake. Na Katiba imeandika kiwango ambacho serikali ya taifa haiwezi kushuka chini yake: kaunti zote kwa pamoja zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa hesabu zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge. Hospitali za kaunti na zahanati ni za kaunti. Taifa likabaki na hospitali kubwa za rufaa na sera.

Kwa mizani yangu ya maswali matatu Kenya wanapata alama nzuri. Je, wamepona? La hasha. Desemba 2016 madaktari wa hospitali za umma waligoma, na mgomo ukadumu siku 100, hadi Machi 2017. Mkataba waliodai utekelezwe ulitiwa saini mwaka 2013 na serikali ya taifa, wakati ule ule huduma za afya zikihamia kaunti. Kaunti zikasema hazikuwamo katika makubaliano yale. Taifa likasema waajiri ni kaunti. Mgonjwa akabaki kitandani. Aidha, magavana hulalamika mara kwa mara kwamba fedha zinachelewa kutoka Nairobi, na mishahara inachelewa nazo. Kwa hiyo hata ukiandika kiasi ndani ya Katiba, tarehe ya kufika hela bado iko mikononi mwa aliye juu. Tofauti ninayoiona ni kwamba Mkenya aliyekuta kufuli zahanati anajua jina la mtu wa kumlaumu, na anaijua tarehe ya kumhukumu.

Sasa nimefika mahali ambapo barua ya mama ilinifanya nirudi kusoma makaratasi yangu. Wakati barabara na maji vikirudi juu, fedha za zahanati zilishuka chini kuliko wakati wowote, na ni wachache walioliona jambo hilo. Zamani fedha za uendeshaji, pamoja na zile za mfuko wa pamoja wa afya unaochangiwa na wafadhili, ziliingia akaunti ya halmashauri. Mganga mfawidhi akitaka sabuni na gesi ya jokofu la chanjo aliandika dokezo, likapanda, likashuka, mwezi ukapita. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko huo zinatumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kituo chenyewe. Shule za msingi zilikuwa zimetangulia tangu mwaka 2016, elimu bila malipo ilipoanza: kila mwanafunzi amehesabiwa shilingi 10,000 kwa mwaka, 4,000 zikibakizwa kwa ajili ya vitabu, na 6,000 kupelekwa shuleni.

Dawa nazo zina utaratibu wake. Kituo huagiza kwanza Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Bohari ikikosa, kituo kinaruhusiwa kununua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa kwa mkoa mzima kwa bei zilizokubaliwa. Mfumo huo ulijaribiwa kwanza mkoani Dodoma, kisha ukaenea nchini. Kwa hiyo jibu la "dawa hazijaletwa" halitoshi tena. Hapana budi kuuliza la pili: je, mliagiza kwa mshitiri, na katika akaunti kuna kiasi gani?

Na nani wa kuuliza? Kila zahanati inatakiwa kuwa na kamati ya usimamizi, ambayo ndani yake wamo wananchi wa kawaida wanaotibiwa hapo. Kamati ndiyo inayopitisha mpango wa kituo na kupokea taarifa ya mapato na matumizi. Haiwezi kuajiri muuguzi wa pili, hilo niseme wazi ili nisimdanganye mama wa watu. Lakini mara nyingi kituo chenye fedha katika akaunti yake kinaweza, kwa idhini ya halmashauri, kuweka mhudumu wa mkataba wa kufanya usafi na mlinzi wa usiku, na muuguzi aliyekuwa akifagia na kuandika vitabu akapata nafasi ya kuhudumia wagonjwa. Kamati inaweza pia kudai kwa maandishi kwamba muuguzi akiitwa semina, halmashauri ilete wa kushika zamu. Kuhamisha watumishi ndani ya eneo lake halmashauri inaweza, haihitaji kibali cha kuajiri. Kufuli la usiku ule, kwa maoni yangu, lingeweza kuzuiwa bila barua yoyote kwenda Dodoma.

Nilimpigia simu mama wa barua siku ya Jumanne, kabla ya kuingia studio. Nikamuuliza kamati ya zahanati yao ilikutana lini. Hakuwa amesikia kama ipo. Nikamwomba aende akatazame ubao wa matangazo, na kama hakuna karatasi amuulize muuguzi mwenyewe, kwa adabu, kwa kuwa yule naye ameelemewa. Alinipigia jioni. Ubaoni palikuwa na tangazo la chanjo na kalenda ya mwaka jana. Muuguzi alimkaribisha, akafungua kabati, akamtolea daftari la vikao. Kamati ina wajumbe wanane, na imekaa mara moja tu tangu mwaka uanze. Mjumbe wa tatu katika orodha, anayewakilisha wananchi, ni mzee anayeuza mkaa nyumba ya pili kutoka kwake. Wanaazimana chumvi.